Jiwe au Andazi

Uvumilivu wangu ulikatika saa saba mchana, nimechutama jikoni napara samaki. Uani kwetu Temeke ilikuwa imeinuliwa pikapu kuukuu, masalia ya vita vya Wazungu, magurudumu ya nyuma hayagusi chini. Mume wangu Shomari alikuwa amelala chali kwenye gurudumu la kushoto, miguu tu ndiyo inaonekana. Kwenye kiti cha dereva alikaa Zuhura, mjane wa duka la pembeni, mwenye pikapu yake, buibui ameliteremsha mabegani, mguu wa kulia juu ya pedali ya breki. Shomari akauliza kutoka chini, kwa sauti ambayo mie sikuwa nimeisikia tangu nijifungue: “Jiwe au andazi, bibie?” Zuhura akacheka kwanza. “Andazi, fundi. Tena la moto, limetoka kaangoni sasa hivi.” Wakacheka wote wawili, huyu juu, yule chini, na bati la gari katikati. Kisu nilikuwa nacho mkononi. Nikakiweka juu ya jiwe la kusagia, nikanawa magamba, nikaenda kusimama kwenye kona ya jiko mahali ambapo mtu huona vyote viwili, mguu wa anayekanyaga na mkono wa anayefungua. Hawakuniona. Na nilichokifanya hapo, au tuseme nilichoacha kukifanya, ndicho kinachonikalisha leo na kalamu.

Wiki iliyopita tumemzika Zuhura. Nilikuwa mmoja wa wanne waliomwosha. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu jembamba, limepauka kwa uzee, na wenzangu wakawa wanaulizana alilipata wapi. Mmoja akasema aliangukia ngazi. Nikammwagia maji, nikanyamaza, na nilipogundua kwamba nimenyamaza tena, nikawa namwaga maji ovyo mpaka wakanipokonya kata. Nje, chini ya turubai la wanaume, alikaa Shomari, mzee wa kobazi na miwani, aliyekuwa mume wangu. Alinitazama nilipotoka. Nilidhani wivu huisha mtu akishafikisha umri wa kuitwa bibi. Nilisimama pale na ubani kwenye nguo, nikajikuta najiuliza kama machozi yake ni ya jirani tu.

Basi niseme maneno yale yalikuwa ya nani. Yalikuwa yangu. Nilipoolewa nilikuwa nimetoka shule ya wasichana kule bara, darasa la kumi, najua kuchora moyo wa binadamu na mishipa yake yote, na sijui kupika wali wa nazi usioshika chini. Shomari hakujali wali. Siku ya nane ya ndoa alinitoa ndani akaniweka kwenye kiti cha dereva cha gari la mtu, akanifundisha kutoa upepo. Breki za gari zinafanya kazi kwa mafuta, yanasukumwa ndani ya paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu. Paipu ikioza ikabadilishwa, hewa huingia, na hewa haisukumi kitu, inajikunja tu. Kwa hiyo lazima itolewe, na mtu mmoja hawezi. Wa juu anakanyaga mara tatu, halafu anashikilia. Wa chini anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, mafuta yanatoka yakitema povu, pedali inazama mpaka sakafuni. Na hapo ndipo penye kazi: mguu usiinuke. Ukiinuka kabla nati haijafungwa, gurudumu linavuta hewa upya, na mmefanya kazi ya bure. Alikuwa ananiambia, “Kanyaga. Shika. Nafungua. Nafunga. Inua.” Maneno matano, kila gari, kila mara, kama mtu anayesoma. Halafu ndiyo anauliza: “Jiwe au andazi?” Pedali ikiwa ngumu, jiwe, tumemaliza. Ikibonyea, andazi, tunarudia. Mama mkwe wangu, Bi Tausi, alikuwa anakaa barazani anachambua mchele na kusema, “Mke wa watu anakanyaga magari, siku moja atazaa spana.” Tulikuwa tunacheka mpaka mafuta yanamwingia Shomari machoni. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kitanda cha kamba na sanduku la vyombo vyake vya ufundi uvunguni, na usiku kikinuka mafuta ya breki na asumini. Nilidhani ndiyo harufu ya ndoa.

Nilipata mtoto wa kike, tukamwita Rehema. Nikakaa ndani siku arobaini kama inavyopasa. Nakandwa, nanywa uji wa pilipili manga, nimefungwa tumbo kwa kanga mpaka sipumui, na dirisha dogo juu ya kichwa changu linaniletea sauti za uani. Wiki ya kwanza Shomari alikuwa anakwenda kuazima mtu wa kukanyaga huko mtaani na kurudi anatukana. Wiki ya pili nikasikia sauti ya mwanamke. Zuhura alikuwa ametoka eda miezi michache nyuma. Mumewe alimwachia duka na pikapu, na pikapu ile ilikuwa inaumwa kila wiki. “Mie nitakaa tu hapa nilisubiri gari langu,” nilimsikia anamwambia Bi Tausi. “Kaa, mwanangu,” Bi Tausi akamjibu. “Kwani kiti si chako?” Siku ya arobaini na moja nilitoka, nimepakwa hina, mtoto mkononi, na kiti changu kilikuwa kimekaliwa. Nikamwambia Shomari, “Mie nimetoka sasa, nitakanyaga.” Akapangusa mikono. “Wewe una mtoto mchanga, Mama Rehema. Pumzika.” Kwa mtu mwingine yangekuwa maneno mazuri. Mie niliyasikia kama mlango unavyofungwa.

Miezi ikaenda hivyo. Bombani, tulipokuwa tunapanga foleni ya ndoo, wanawake waliniona nakuja wakaongeza sauti. “Jana fundi kamtoa upepo mjane.” “Gurudumu moja?” “Yote manne, shoga. Nimesikia kwa masikio yangu, kanyaga, shika, na mjane anahema.” “Labda ana pepo kweli.” “Pepo gani linalotolewa kwa spana?” Wakaangua kicheko, na mie nikajaza ndoo yangu nikiwatazama mmoja mmoja. Nilijua kazi ile. Nilijua kwamba mtu akiikanyaga pedali ya gari lile sharti aheme, ilikuwa nzito kama kukanyaga mchanga. Kujua hakukunisaidia chochote. Ningependa hata angekuwa anamwingilia dirishani usiku, kuliko kumfundisha jiwe na andazi mchana kweupe mbele ya mama yake.

Sasa nirudi kwenye kona ya jiko. Gurudumu la kushoto lilikuwa limekwisha. Shomari akajivuta kwenda la kulia. Mpira mwembamba ambao huwa tunauchomeka kwenye nati ili mafuta yaingie chupani ulikuwa umechanika, na hakutafuta mwingine, akayaacha yatoke wazi kwenye kopo la maziwa. “Kanyaga, bibie. Tena. Tena. Shika hapohapo.” Zuhura akashika. Shomari akasema kitu kingine, kifupi, na akafungua nati. Na nikauona ule mguu, mguu mzuri wenye hina mpaka kwenye kifundo, ukiinuka. Ukainuka wakati nati iko wazi. Nikaona pale kwenye gurudumu mafuta yakirudi ndani kama ulimi, nikasikia na mlio wake, kidogo, kama mtu anayefyonza meno. Shomari hakuona mguu, na mlio ule mtu aliyelala chini ya gari, huku anacheka, hausikii. Akafunga. Akauliza, “Haya, jiwe au andazi?” Zuhura akapampu mara tatu, nne, haraka haraka, na gari lenye hewa ukilipampu hivyo hukudanganya. “Jiwe,” akasema.

Lilikuwa andazi. Mie peke yangu duniani nilijua kwamba ni andazi. Na nikafikiri, nakumbuka vizuri nilivyofikiri: acha. Zuhura atatoka nalo mpaka dukani kwake, pedali itazama, ataaibika, Shomari atajua kwamba si kila mguu unafaa. Nikarudi kwa samaki wangu. Nikawatia chumvi na ndimu. Nilikuwa karibu kuimba.

Niliwakaanga, nikawafunika, nikachukua ndoo kwenda bombani. Rehema, wa miezi saba sasa, nilimwacha amelala mkekani kwa Bi Tausi. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu na magogo yaliyokuwa chini ya gari yamelala peke yake uani. “Mama, Rehema yuko wapi?” Bi Tausi alikuwa anakatakata mchicha, hakuinua kichwa. “Kaenda na babaye Mbagala kwa shangazi yake. Hajamwona hata siku moja, ni haki hiyo?” “Wamekwenda na nini?” “Na nini tena? Na gari. Zuhura kampakata, anafuata nazi zake hukohuko. Mbona umetumbua macho, mtoto kavaa kofia.” Ndoo niliiachia hapohapo, maji yakaingia kwenye mchicha wake. Nilikimbia bila viatu. Nilikuwa nakimbia na kusema kwa sauti, andazi, andazi, na watu wakaniona mwendawazimu.

Niliwakuta wanapanda mteremko wa Mtoni kwa miguu. Shomari mbele, amembeba mtoto kwenye shati lake alilolivua. Zuhura nyuma, kanga imelowa damu usoni, anajitahidi kwenda sambamba naye. Mkokoteni wa mihogo ulikuwa umekatiza njia huko chini. Shomari, aliyekuwa kwenye usukani, alikanyaga mara moja, pedali ikaenda mpaka sakafuni, akausokota usukani gari likaingia kwenye mpunga. Zuhura aligonga kichwa kwa sababu hakunyoosha mikono kujizuia. Mikono yote miwili ilikuwa kwa mtoto. Na hata hivyo mkono wa Rehema ulivunjika juu ya kiwiko. Alikuwa hata halii, anafungua tu mdomo. Nilimpokea. Hospitali wakamtia plasta ngumu, nzito kuliko yeye mwenyewe, wakaniambia nimlete kila Alhamisi. Na jambo la aibu kuliko yote nitaliandika: pale mteremkoni, kabla sijaona mkono wa mwanangu, nilichoona kwanza ni kwamba lile shati ni lile nililolipiga pasi asubuhi, na Zuhura ameshika pindo lake.

“Paipu imepasuka,” Shomari aliwaambia watu wote. Aliwaambia barazani, aliwaambia msikitini, aliniambia mie tukiwa tumekaa na sahani ya wali katikati yetu hakuna anayekula. Walilivuta gari kwa kamba mpaka uani. Asubuhi yake, alipokwenda kutafuta bati la kunyoosha ubavu, nikafungua boneti nikakiangalia kikopo cha mafuta ya breki. Kilikuwa kimejaa. Paipu ikipasuka mafuta humwagika yote, hilo alinifundisha mwenyewe. Nikachungulia magurudumu, makavu. Aliporudi nikamwambia, “Baba Rehema, paipu nzima. Ni upepo. Toa tena.” Akaweka bati chini taratibu. “Upepo hakuna. Mie fundi mwaka wa kumi na mbili.” “Unamlinda.” “Namlinda nani?” “Aliyeinua mguu.” Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaogopa. “Kumbe uliona,” akasema. Hakuniuliza tena, na mie sikumuuliza, tukawa kama watu wawili walioshika kamba moja kila mmoja anangoja mwenzake aachie. Lakini neno la paipu lilikuwa limeshatoka, na neno likishatoka kwa fundi ndilo linalotengenezwa. Akabadilisha kipande cha paipu kisichokuwa na ubovu wowote, akakanyaga mwenyewe mara tatu, akasema jiwe. Angetoa upepo, watu wangeuliza uliingiaje. Na Jumamosi gari lilikuwa limeahidiwa harusi, kupeleka wanawake na ngoma zao mpaka Kawe.

Nikaenda kwa Liwali. Kusema kweli safari ya kwanza sikwenda kwa ajili ya harusi. Nilikwenda kumshitaki Zuhura. Karani alikuwa kijana mwenye kanzu ya pasi kali, kalamu sikioni. “Shikamoo” sikumpa, tulikuwa rika. “Malalamiko gani, mama?” Nikamwambia kuna mwanamke anaiharibu nyumba yangu, mume wangu kila wiki yuko naye anatoa upepo. Akaandika, akasimama. “Anamtoa pepo? Mumeo mganga?” “Fundi makanika.” “Sasa fundi makanika mapepo anayajulia wapi?” “Si pepo. Upepo. Wa breki.” Wazee waliokaa bencini wakageuka. Karani akakuna kichwa kwa kalamu. “Mama, mambo ya mashetani hapa hayaandikwi. Na kama ni breki, mwanamke kosa lake nini?” Kosa lake nini. Nilikuwa nalo moja tu la kusema, kwamba anacheka. Nikarudi nyumbani.

Nikamkuta Zuhura amekaa kwenye kizingiti cha chumba changu, kitambaa kichwani, bakuli la supu ya mbuzi mapajani, hakuthubutu kuingia. Rehema alikuwa amelala. “Mwanaidi,” akasema, “mie sikuja kushindana maneno nawe. Nimekuja uniambie nilikosea wapi. Shomari hataki kuniambia, kila nikimuuliza anasema paipu, na macho yake hayasemi paipu.” Nikamwambia, kwa ukali kabisa, uliinua mguu kabla nati haijafungwa. “Lakini si aliniambia.” “Alikuambia nini?” “Aliniambia achia. Nikaachia.” Nilitaka kumwambia mwongo. Ndipo lile neno fupi nililolisikia kwenye kona ya jiko, ambalo sikulishika kwa kuwa nilikuwa natazama hina, likanirudia lote. Hakusema achia. Alisema naachia. Naachia mafuta. Na mwanzo wa neno ulimezwa na bati. Mie aliniambia nafungua, nafunga, inua, hata mara moja hakunichanganyia. Zuhura hakumfundisha maneno matano. Alimfundisha kucheka, kazi akaiacha. “Hakukuambia mguu usiinuke?” “Hakuniambia kitu, ndugu yangu. Aliniambia mie nina mguu wa fundi.” Akaanza kulia, na supu ikamwagika kidogo. Nilikaa naye kizingitini. Sikumshika bega. Wivu ulikuwa bado haujaniachia, ila sasa ulikuwa umekosa mtu wa kumkalia, na hasira yote ikageuka ikamtazama mwenyewe aliyelala chini ya gari, na yule aliyesimama kwenye kona ya jiko.

Jioni nikamwambia Shomari kwa mara ya mwisho: “Harusi ya Jumamosi ina watoto. Toa upepo, mie nikukanyagie, hakuna atakayejua.” Akasema, “Mama Rehema, Kizungu chako kiweke shuleni. Gari zima.” Bi Tausi akaongeza kutoka barazani, “Mwanamke hamshitaki mumewe kwa mdomo wala kwa macho.” Kwa karatasi hakunikataza. Nilirarua ukurasa katika daftari langu la shule, nikaandika barua hii hapa, na Alhamisi asubuhi, nikitoka hospitali na mtoto mgongoni, nikamkabidhi yule yule karani. Aliisoma yote, akaitia muhuri, bila kuniuliza neno. Nakala ninayo.

Kwa Bwana Liwali. Baada ya salamu. Mimi Mwanaidi binti Salum, wa Temeke, naleta malalamiko juu ya mume wangu Shomari, fundi makanika. Amesema breki za pikapu iliyoko uani kwetu ziliharibika kwa paipu kupasuka. Paipu haikupasuka. Zina upepo mpaka leo, na Jumamosi gari hilo litachukua watu wa harusi kwenda Kawe. Mwenye gari, Zuhura, hana kosa, aliambiwa neno kwa namna isiyofaa akalifuata. Shahidi ni mimi. Niliona upepo ukiingia, na kwa sababu ya wivu sikusema, na mtoto wangu amevunjika mkono. Hili nalo nalilalamikia, juu ya nafsi yangu. Naomba gari lizuiwe mpaka upepo utolewe mbele ya fundi mwingine, na wa kukanyaga pedali niwe mimi, asiwe mwanamke mwingine yeyote. Kama kunyamaza kuna adhabu, nitakuja kuipokea. Niitwe siku yoyote isipokuwa Alhamisi, ndiyo siku ya mtoto hospitali.